Nembo iliyogeuka yai: uchambuzi wa kisa cha vipimo vya video wima kati ya programu mbili

Kisa hiki kinahusu video moja fupi ya mahojiano, yenye sekunde 45, iliyorekodiwa kwa simu iliyoshikwa wima na iliyokusudiwa kutazamwa kwenye simu zilizoshikwa vivyo hivyo. Kazi iligawanywa kati ya watu wawili. Mimi nilikata na kupanga picha na sauti katika Premiere Pro, programu ya kuhariri video, na mwenzangu akatengeneza michoro jongefu katika After Effects, programu ya kutengeneza michoro inayosonga; michoro hiyo ilikuwa ukanda wa jina la mzungumzaji pamoja na nembo ya duara iliyotakiwa kukaa sehemu ya juu ya fremu. Kila mmoja wetu alitazama mipangilio yake, akaona kwamba upana ni mdogo kuliko kimo, akaridhika kuwa anafanya kazi ya video wima. Hitilafu ilijitokeza siku tuliyounganisha kazi hizo mbili, na asili yake ilikuwa kwetu sisi wenyewe, si kwa programu tulizotumia.

Kasoro zilizoonekana zilikuwa nne. Nembo, ambayo katika faili lake la asili ni duara kamili, ilionekana kama yai lililosimamishwa, na juu ya hilo haikukaa mahali pake bali ilishuka ikatua usoni mwa mzungumzaji. Ukanda wa jina ulianzia nje ya ukingo wa kushoto, hata herufi ya kwanza ya jina ikawa haisomeki. Herufi zilizobaki ndani ya fremu zilikuwa na ukungu, kana kwamba zimetazamwa kupitia kioo kilichopuliziwa pumzi. Hatimaye, ukanda ulipoingia kutoka pembeni, mwendo wake ulikuwa wa kukwamakwama, ilhali kwa mwenzangu ulikuwa unateleza vizuri.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kosa, nami nalieleza kwa sababu wahariri wengi hulifanya. Niliivuta michoro kwa upana peke yake, ndani ya Premiere Pro, hadi asilimia 133 ya upana uliokuwa nao, na nembo ikarudi kuwa duara. Lakini, kwa hesabu ya pikseli za michoro yenyewe, fremu iliyokuwa na upana wa pikseli 1080 ikawa sasa ina upana wa 1440, kwa hiyo pikseli 180 zilipotea kila upande, na ukanda wa jina, ambao tayari ulikuwa umetoka nje, ukazidi kutoka. Nilipousogeza ukanda ili urudi ndani, nembo nayo ikaondoka katikati, kwa kuwa vyote viwili vilikuwa ndani ya faili moja. Nilikuwa natibu dalili, na kila dalili niliyoitibu ilizaa nyingine. Hapo tukaacha kusogeza vitu, tukaanza kusoma namba.

Tulisoma namba katika sehemu tano: klipu ya asili kutoka kwenye simu, nakala ya klipu ile iliyopelekwa kwa mwenzangu, kompozisheni yake (yaani fremu ya kazi ndani ya After Effects), mfululizo wa picha za PNG aliotoa, na sikwensi yangu (yaani mstari wa klipu zilizopangwa ndani ya Premiere Pro). Katika kila sehemu tuliandika upana na kimo, umbo la pikseli (yaani uwiano wa upana na kimo cha kila pikseli), alama ya mzunguko, na idadi ya fremu kwa sekunde. Orodha hiyo fupi ilieleza kisa chote, nami naamini kwamba chimbuko la matatizo mengi ya aina hii ni mazoea ya kutazama upana na kimo tu, kwa sababu ndizo namba zinazokaa juu kabisa katika dirisha la mipangilio, kisha kuyaacha yale mengine yanayofuata chini yake kana kwamba ni mapambo.

Tuanze na klipu ya asili, kwa sababu huko ndiko mambo yalikoanza kupotoka. Simu nyingi, hata zinaposhikwa wima, huandika picha katika mpangilio wa mlalo wa kihisi chake, kisha huweka ndani ya faili alama inayosema kwamba picha hii izungushwe nyuzi 90 wakati wa kuonyeshwa. Klipu yetu ilikuwa hivyo hasa: pikseli zake zilikuwa 3840 kwa 2160, pamoja na alama ya mzunguko. Premiere Pro iliisoma alama hiyo na kunionyesha picha iliyosimama, yenye upana wa 2160 na kimo cha 3840, nami sikuwa na sababu yoyote ya kushuku jambo. Mwenzangu, kwa upande wake, hakupewa klipu ile ile. Ili kupunguza uzito wa faili, nilikuwa nimeipitisha katika programu ndogo ya kubadilisha kodeki (njia ya kubana video), na programu hiyo iliandika pikseli upya bila kuchukua alama ya mzunguko. Nakala iliyomfikia ilikuwa 3840 kwa 2160, haina alama, na mzungumzaji amelala ubavu.

Kwake yeye ushahidi ulikuwa wazi: klipu ni ya mlalo. Akafungua kiolezo cha zamani cha mlalo alichokuwa akikitumia kwa kazi za mahojiano, akaanza kupanga ukanda na nembo. Nilipomkumbusha kwamba video ni ya wima, aliizungusha klipu kwa mkono na kubadilisha vipimo vya kompozisheni ile ile, badala ya kufungua mpya. Uamuzi huo ulionekana wa busara, kwani matabaka, yaani vipengele vinavyowekwa kimoja juu ya kingine, yalikuwa yamekwisha kupangwa na mwendo umekwisha kutengenezwa. Hata hivyo kasoro tatu kati ya nne zilitokana nao.

Kiolezo kile kilikuwa cha enzi za kamera za HDV, mfumo wa zamani wa kurekodi video. Fremu yake ilikuwa na pikseli 1440 kwa 1080, na bado ilionyeshwa kama fremu pana ya 16:9, kwa sababu kila pikseli ilihesabiwa kuwa pana kuliko kimo chake kwa uwiano wa 1.33. Ukizidisha 1440 kwa theluthi nne unapata 1920, na hiyo ndiyo iliyokuwa hila ya mfumo huo: kuhifadhi pikseli chache na kuzitanua wakati wa kuonyesha. Mwenzangu alipoandika 1080 kwenye kisanduku cha upana, kimo kilijigeuza chenyewe kuwa 810, kwa kuwa kisanduku cha kufunga uwiano kilikuwa kimetiwa alama. Aliliona hilo, akaondoa alama, akaandika 1920 kwenye kimo, na namba mbili za juu zikawa sahihi. Umbo la pikseli, lililo mstari mmoja chini, likabaki 1.33, na kasi, iliyo mstari mwingine chini, ikabaki fremu 25 kwa sekunde.

Sasa yai linaeleweka. Nembo iliingizwa kama picha yenye pikseli za mraba, na After Effects, ikijua kwamba pikseli za kompozisheni ni pana, iliibana nembo ili itakapotanuliwa iwe duara tena. Nembo yenye kimo cha pikseli 240 ikapewa upana wa 180. Ndani ya After Effects kuna kitufe cha kusahihisha mwonekano wa pikseli zisizo za mraba, na kwa kuwa kilikuwa kimewashwa, mwenzangu aliona duara zuri. Picha za PNG zilipotolewa na kufika kwangu, zilisomwa kuwa na pikseli za mraba, utanuzi uliosubiriwa haukufanyika, na 180 kwa 240 ikaonyeshwa kama ilivyo. Jicho la binadamu halisamehe duara lililobanwa, na hiyo ilikuwa bahati yetu. Herufi iliyobanwa huweza kudhaniwa kuwa ni fonti nyembamba tu, na laiti nembo ingekuwa na umbo lisilo la kawaida, huenda video ingetoka hivyo hivyo bila mtu kugundua.

Kuhusu mahali pa vitu, After Effects ina mpangilio, katika ukurasa wa pili wa dirisha la kompozisheni, unaoamua ni sehemu gani ya fremu itakayobaki mahali pake ukubwa unapobadilishwa. Kwa kawaida huwa ni kitovu. Upana ulipopungua kutoka 1440 hadi 1080, kila tabaka lilisogea kushoto kwa nusu ya tofauti, yaani pikseli 180; kimo kilipoongezeka kutoka 1080 hadi 1920, kila tabaka lilishuka kwa pikseli 420. Nembo iliyokuwa na kitovu chake kwenye 720 kwa 150 (ukihesabu kutoka kushoto, kisha kutoka juu) ilihamia 540 kwa 570. Kwa upana ilibaki katikati barabara, na ndiyo maana mwenzangu hakushtuka. Kwa kimo ilikuwa imeshuka hadi mahali ambapo, katika picha ya mtu aliyeketi mbele ya simu, hukaa uso. Ukanda wa jina uliokuwa ukianzia pikseli ya 100 ulihamia hasi 80, na maandishi yaliyoanzia 130 yakahamia hasi 50. Hesabu hizi ni za darasa la chini kabisa, ila tulizifanya baada ya saa kadhaa za kubahatisha.

Mwendo wa kukwamakwama ulikuwa na jibu jepesi. Sikwensi yangu ilikuwa ya fremu 30 kwa sekunde na michoro ilikuwa ya 25. Ili fremu 25 zijaze nafasi 30, katika kila kundi la fremu tano moja hurudiwa, na katika kitu kinachoteleza kwa kasi sawa marudio hayo huonekana kama kigugumizi.

Ukungu wa maandishi ulikuwa wangu peke yangu, na ndio unaostahili maelezo marefu zaidi kwa sababu hausababishwi na namba iliyokosewa. Nilipoanza mradi niliivuta klipu ya simu moja kwa moja hadi kwenye sikwensi tupu, Premiere Pro ikaniuliza kama nataka sikwensi ifuate vipimo vya klipu, nikakubali bila kufikiri. Sikwensi ikawa 2160 kwa 3840. Vipimo hivyo ni vya wima, na uwiano wake ni 9:16 kamili, kwa hiyo katika mazungumzo yetu sote wawili tulisema "tuko kwenye 9:16" na tukaelewana vibaya. Michoro ya 1080 kwa 1920 ilipoingia ilichukua robo tu ya eneo, nami nikaikuza hadi asilimia 200 ili ijae. Kisha, kwa kuwa video ilitakiwa kutoka kwa 1080 kwa 1920, nikaipunguza tena kwa nusu wakati wa kutoa faili. Herufi zilizochorwa kwa ukubwa sahihi kabisa zilikuzwa mara mbili na kupunguzwa mara mbili, na katika kila hatua pikseli zilikadiriwa upya. Matokeo yake ni ukungu ambao hakuna mpangilio wa kodeki unaoweza kuuondoa, ingawa nilikwisha kupoteza muda mwingi nikiongeza kiwango cha biti (kiasi cha data kwa kila sekunde ya video) nikidhani mgandamizo ndio unaoharibu.

Hapa panafaa neno moja juu ya amri za Premiere Pro za kuijaza fremu, kwa kuwa zipo mbili zinazofanana kwa sura. Moja hubadilisha tu asilimia ya ukubwa wa klipu, na pikseli za asili hubaki zote, hivyo ukiikuza klipu baadaye unapata undani wake. Nyingine huichukua klipu kana kwamba imekuwa ya ukubwa wa sikwensi tangu mwanzo; asilimia husomeka 100, lakini ukiikuza unakuza picha iliyokwisha kupunguzwa. Kuna pia chaguo katika mapendeleo ya programu linaloitekeleza mojawapo ya hizo kila unapoingiza faili, na mtu aliyeliwasha mwaka jana huwa amekwisha kulisahau. Kwa kazi inayochanganya klipu za simu na michoro, mimi sasa huliacha chaguo hilo limezimwa, ili faili lisilolingana lijionyeshe papo hapo badala ya kurekebishwa kimyakimya.

Tulikuwa na njia tatu mbele yetu. Ya kwanza ilikuwa kuacha michoro ilivyo na kuirekebisha ndani ya Premiere Pro, jambo ambalo lilikwisha kushindikana. Ya pili ilikuwa kuitengeneza upya michoro kwa 2160 kwa 3840 ili ifuate sikwensi yangu. Hiyo ingeondoa haja ya kukuza, na kwa kazi inayotoka kwa ukubwa huo ndiyo njia sahihi, lakini fremu moja ya ukubwa huo ina pikseli 8,294,400, mara nne ya zile 2,073,600 za fremu ya 1080 kwa 1920. Tungelipa gharama hiyo katika kila saa ya kusubiri kompyuta, kisha tutupe robo tatu ya pikseli dakika ya mwisho. Ya tatu ilikuwa kukubali kwamba ukubwa wa mwisho ndio unaotawala, na kila kitu kifuate huo. Tulichagua ya tatu.

Kwa upande wangu niliunda sikwensi mpya ya 1080 kwa 1920, pikseli za mraba, fremu 30 kwa sekunde, nikahamishia klipu zote na kuzipa asilimia 50. Faida moja ambayo sikuitarajia ni kwamba sasa niliweza kumsogelea mzungumzaji hadi mara mbili bila kupoteza undani, kwa kuwa asilimia 100 ya klipu ya simu bado ni pikseli za asili. Mwenzangu naye aliunda kompozisheni mpya badala ya kuibadilisha ya zamani, akanakili matabaka, na kuyapanga upya kwa macho. Nembo aliiweka juu, na kitovu chake kikaandikwa kwa kufuata upana wa kompozisheni, yaani nusu ya upana wowote utakaokuwapo, badala ya namba 540 iliyogandishwa. Ukanda aliupandisha kidogo kuliko alivyozoea, kwani sehemu ya chini ya fremu wima hufunikwa na vitufe na maelezo ya programu ambazo watu hutazamia video.

Kabla ya kutoa michoro yenyewe, tulitengeneza fremu za majaribio, na katika hatua zote za kisa hiki ndiyo ninayoiona kuwa ya thamani zaidi. Ilikuwa kompozisheni ya sekunde mbili yenye mstari mwembamba kuzunguka kingo zote nne, duara la kipenyo cha pikseli 600 katikati, kipande kilichojaa mistari myeusi na myeupe ya unene wa pikseli moja moja, na namba ya fremu inayobadilika. Niliingiza faili hilo kwenye sikwensi bila kugusa ukubwa wake. Kingo nne zilionekana zote, kwa hiyo upana na kimo vilikubaliana. Duara lilipimwa 600 kwa 600, kwa hiyo umbo la pikseli lilikubaliana. Mistari ya pikseli moja ilibaki myeusi na myeupe. Laiti kungekuwa na ukuzaji au upunguzaji popote njiani, ingegeuka kijivu au kuonyesha mawimbi. Nilipopita fremu moja moja, hakuna namba iliyojirudia wala iliyorukwa. Ni lazima kutazama jaribio hili kwa ukuzo wa asilimia 100 na kwa ubora kamili wa kuchezea, kwa sababu ukitazama kwa nusu ya ubora mistari hiyo itakuwa kijivu hata kama kila kitu ni sahihi, nasi tulitishika kwa dakika kumi kwa sababu hiyo.

Kwa nini hatukutumia Dynamic Link, ambayo huziunganisha programu hizi mbili bila kutoa faili la kati? Mtu akiichagua klipu katika Premiere Pro na kuagiza ibadilishwe kuwa kompozisheni, kompozisheni mpya hupewa vipimo vya sikwensi, na mlango mmojawapo wa makosa hufungwa. Sisi tulifanya kazi kwenye kompyuta mbili tofauti, kwa hiyo haikutufaa. Hata hivyo ingetupa kile tulichokosa tangu mwanzo: programu moja inayotoa vipimo na nyingine inayovipokea. Tahadhari ni kwamba vipimo hivyo huchukuliwa wakati wa kuunda. Laiti ningeanza na sikwensi yangu ya 2160 kwa 3840, kisha nikaigeuza baadaye, kompozisheni isingenifuata.

Faili la mwisho lilitolewa kwa kodeki ya H.264, na tulilikagua kwa chombo cha kusoma metadata, yaani taarifa za faili zilizoandikwa ndani yake, badala ya kuamini macho. Lilikuwa na upana wa 1080, kimo cha 1920, pikseli za mraba, fremu 30 kwa sekunde, na halikuwa na alama yoyote ya mzunguko, kwani sasa pikseli zenyewe zilikuwa zimesimama. Atakayefanya ukaguzi kama huu asishangae akikuta mahali fulani namba 1088. Kodeki hiyo hugawa fremu katika vipande vya pikseli 16 kwa 16, na kwa kuwa 1080 haigawanyiki kwa 16, huandikwa 1088 pamoja na agizo la kukata nane zinazozidi. Katika video ya mlalo ziada hiyo huwa kwenye kimo, na katika video wima huwa kwenye upana.

Nembo tuliipima kwenye faili hilo la mwisho: 240 kwa 240. Klipu zinazopelekwa kwa mwenzangu sasa hutoka ndani ya sikwensi yenyewe, zikiwa zimekwisha kusimama. Kiolezo cha zamani bado kipo kwenye folda yake, kwa sababu kuna kazi za nyuma zinazokitegemea, ila jina la faili sasa linaanza na namba zote: 1440, 1080, 1.33, 25.